Kompyuta ndogo ya gemu hapa Uganda: panga wati kabla ya kupanga pesa

Wati Chache (mleta uzi), Ntinda

Wakuu, habari za jioni. Swali la kompyuta ya gemu inayoenea kwenye begi la mgongoni linarudi humu mara kwa mara, na karibu kila jibu linaanza na kadi ya grafiki: nunua kadi fulani, kisha tafuta kasha la kuitia. Mimi hizi mashine ndogo ndiyo kazi yangu, nawaundia watu hapa mjini, na naomba tuanzie upande mwingine. Kwenye kasha la lita 10 mwenye neno la mwisho ni joto, na joto ni wati. Umeme wote unaoingia kwenye mashine hutoka ukiwa joto. Kwa hiyo amua kwanza mashine yako itakula wati ngapi. Ukishajua hilo, kasha, kipoza, pawa saplai, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) na hata pesa ya Yaka (umeme wa kulipia kabla) vinajipanga.

Kwa nini ndogo? Anayeishi kwenye muzigo wa chumba kimoja hahitaji maelezo. Kitanda, meza, jiko la gesi, madumu ya maji, nafasi imekwisha. Wengine wanahama hosteli kila mwaka, au wanapanda basi la Gulu au Mbarara likizo ikifika. Mashine ya lita 10 unaipakata kwenye kiti. Tower (kompyuta kubwa ya kusimama) inaenda kwenye buti chini ya magunia, na kadi nzito inayoning'inia kwenye soketi yake haipendi mashimo ya barabarani.

Sasa vipimo, maana hapa kila milimita ina kazi. Madabodi ya Mini-ITX ni mraba wa milimita 170 kwa 170. Kampuni ya VIA ya Taiwan ndiyo iliyoileta mwaka 2001, na wakati huo hawakuwa na gemu akilini. ATX ya kawaida ni 305 kwa 244. Ukikata ubao kiasi hicho kuna vitu vinaondoka: unabaki na soketi moja tu ya kadi, na nafasi mbili za RAM kwenye bodi nyingi. RAM nunua vijiti viwili vya ukubwa unaoutaka kabisa, kwa sababu baadaye hakuna pa kuongeza, utalazimika kutoa vya zamani.

Pawa saplai ni ya aina ya SFX: upana 125, kimo 63.5, kina 100. Na hapa ndipo Kampala panapokwama. Zunguka maduka ya Kampala Road na Wandegeya utakuta pawa saplai za ATX zimepangwa hadi dari, SFX ni ya kubahatisha. Madabodi ya Mini-ITX vivyo hivyo. Kwa hiyo vitu vitatu agiza mapema, iwe Nairobi, Dubai au kwingineko: kasha, pawa saplai, madabodi. Kabla havijafika vyote, usinunue kitu kingine. Prosesa, RAM na SSD utavipata hapahapa siku yoyote.

Mfano wa hesabu ya wati ninayoipenda: prosesa ya Ryzen 5 7600 imeandikwa wati 65, ila kiwandani imeruhusiwa kupanda hadi 88. Kadi ya RTX 4060 ni 115. Madabodi, RAM, SSD na feni wape 35. Jumla 238 vyote vikikimbia kwa nguvu zote, na kwenye gemu ni nadra prosesa na kadi vifike kileleni pamoja. Pawa saplai ya wati 450 inatosha na kubaki. Mashine hiyo inacheza gemu nyingi za sasa kwa 1080p bila shida, na kasha la lita 10 linaimudu bila kelele.

Kadi za wati 300 zinaingia kwenye makasha madogo, ndiyo, picha zake ni nzuri sana mtandaoni. Ila chumba chako hakina eyakondishena.

---

Mwanahosteli, Kikoni

Kaka, asante kwa uzi. Mimi nina milioni mbili, na ndani yake skrini haimo, ninayo. Nasoma Makerere. Nacheza mpira (EA FC) na gemu za magari. Hiyo Ryzen 7600 na 4060 kwa milioni mbili inawezekana? Nikikosa, nikusanye hadi lini?

---

Fundi Opti, Wandegeya

Mdogo wangu, kwa pesa hiyo usianze na vitu vipya. RAM peke yake, tangu mwishoni mwa 2025, imepanda bei dunia nzima kwa sababu viwanda vinakimbilia seva za akili mnemba.

Njia yako ni hii. Kuna kompyuta za ofisi za mtumba zinazoingia nchini kwa wingi, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Tafuta ile nyembamba inayolala, wanaiita SFF. Usichukue ile ndogo zaidi ya kiganja, ile haina soketi ya kadi. Hakikisha prosesa ni Intel kizazi cha 8 au zaidi, kwa mfano i5-8500 yenye viini sita. Chini ya hapo Windows 11 haikutambui rasmi, na Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Ndani yake unatia kadi fupi ya kimo cha nusu isiyohitaji waya wa umeme wa pembeni. Soketi ya madabodi inatoa wati 75, na hizo mashine hazina waya wa kadi. Zinazofaa: GTX 1650 ya kimo cha nusu, wati 75, au RTX 3050 ya GB 6, wati 70, iliyotoka mapema 2024. Hiyo ya pili ndiyo bora, ukiipata. Wauzaji watakuletea pia RX 6400 na kukusifia kuwa inakula wati 53 tu. Kweli, lakini ina njia nne tu za PCIe (barabara za data kati ya kadi na madabodi), imetengenezwa kwa PCIe 4.0, na hizo OptiPlex za kizazi cha 8 ni PCIe 3.0. Inabanwa, na kwenye gemu zinazojaza kumbukumbu yake ya GB 4 utaona picha inakwamakwama. Usiichukue kwa mashine hiyo.

Jambo moja la kuangalia dukani: mwambie muuzaji afungue kifuniko mbele yako. Kwenye baadhi ya hizi SFF soketi ndefu ya kadi imekaa jirani kabisa na pawa saplai, na kadi yenye kipoza kinene cha nafasi mbili haiingii. Weka rula. Usikubali "itaingia tu bosi".

---

Wati Chache (mleta uzi)

Fundi Opti amejibu vizuri kuliko ningejibu mimi. Mwanahosteli, hiyo ni kompyuta ndogo ya gemu halali kabisa, na jumla yake haifiki wati 200. Mpira na magari utacheza.

---

Dada Transista, Jinja

Naomba nipinge kidogo. Kwa nini asinunue laptop ya gemu akamaliza? Ina skrini, ina betri, umeme ukikatika haizimi. Sisi hapa jirani na mabwawa kabisa na bado umeme unaondoka jioni. Nimeona vijana wanapoteza faili kwa sababu ya hizo deskitopu.

---

Wati Chache (mleta uzi)

Dada, hoja ya betri sina la kuibishia. Mtu ambaye umeme wake hauna uhakika na hana pesa ya UPS, laptop inamfaa.

Ila aangalie wati hapo pia. Jina RTX 4060 kwenye laptop linaweza kuwa kadi ya wati 35 au ya wati 115, mtengenezaji wa laptop ndiye anayeamua, na dukani kibandiko ni kilekile. Tofauti ya kasi kati ya hizo mbili ni kubwa. Muulize muuzaji, au tafuta karatasi ya vipimo ya modeli hiyohiyo kabla ya kutoa pesa. Na kadi ya laptop imeuzwa imelehemiwa kwenye ubao, ikifa inakufa na ubao mzima. Kwenye mashine ndogo ya kuunda unachomoa kadi, unaweka nyingine, prosesa na RAM zinabaki.

Kuhusu UPS, niseme moja ambalo wauzaji hawalisemi. UPS nyingi za bei ya chini, zile za 650VA, zikiwa kwenye betri hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi, siyo mawimbi laini kama ya ukutani. Pawa saplai nzuri za SFX zina saketi ya kurekebisha mvuto wa umeme, na baadhi yake zikikutana na mawimbi ya ngazi wakati gemu inakimbia, zinazima papo hapo. Mtu anadhani UPS ni mbovu au kompyuta ni mbovu, kumbe hazielewani. Mashine ya wati 240 inastahimili vizuri zaidi kuliko ya 450, maana UPS haijabanwa hadi ukingoni. Ukiweza, nunua ya mawimbi laini. Ukishindwa, ijaribu dukani: washa gemu au programu ya kupima mzigo, chomoa plagi ukutani, angalia kama mashine inabaki.

Na UPS hiyo ni ya kuhifadhi na kuzima salama. Dakika chache tu, usipange mechi nzima juu yake.

---

Arua Moja, Arua

Mkuu, huku tunatumia sola. Nina betri moja ya volti 12, saa-ampea 100, ya asidi. Mashine ya wati 240 naweza kucheza saa ngapi? Na joto la huku Februari mnalijua.

---

Wati Chache (mleta uzi)

Tupige hesabu, ndugu. Volti 12 mara 100 ni saa-wati 1,200 kwenye karatasi. Betri ya asidi usiinyonye zaidi ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo una 600. Mashine ikicheza tuseme wastani ni 200, skrini 25, na inveta inakula sehemu yake, karibu 250 zinatoka kwenye betri. Ni saa mbili na dakika chache. Ukihamia betri ya lithiamu ya ukubwa uleule unaweza kutumia karibu yote, inapita saa nne.

Lakini kabla ya kununua betri, punguza wati. Hapa ndipo pana faida ya bure na watu wengi hawaigusi. Kwanza, funga fremu. Kama skrini yako inaonyesha fremu 60 kwa sekunde, kadi inayotoa fremu 110 inachoma umeme kwa picha ambazo huzioni. Kwenye mipangilio ya gemu au ya draiva weka mwisho 60. Pili, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya madabodi), washa Eco Mode (hali ya kubana umeme) ya wati 45 kwenye hiyo 7600. Kilele chake kinashuka kutoka 88 hadi 61 au karibu na hapo, na kwenye gemu tofauti ni ndogo mno. Tatu, kwa programu ya MSI Afterburner, shusha ukomo wa umeme wa kadi hadi asilimia 80, cheza, tazama. Ukiridhika, ndipo ujaribu kupunguza volti zenyewe kidogokidogo, ukipima kila hatua kwa gemu nzito unayoijua. Ikianza kuganda, rudi hatua moja.

Baada ya hayo Arua utacheza Februari. Mashine itakuwa na joto, lakini halitazidi. Prosesa za Ryzen 7000 zimetengenezwa kuvumilia hadi nyuzi 95, kwa hiyo ukiona 80 usishtuke.

Na kuna kitu cha kwetu ambacho video za Ulaya hazikitaji. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Arua nayo kimo chake hakipishani sana na hapo. Hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Mombasa. Feni inasukuma ujazo uleule, lakini hewa yenyewe ni pungufu na inabeba joto pungufu. Ukiona mtu wa pwani anapata nyuzi chache chini yako kwa vifaa vilevile, hujaharibu kitu.

---

Mpiga Bati, Katwe

Mimi si mtu wa kompyuta, ni mtu wa chuma. Kuna kijana alikuja na vipimo tukamtengenezea kasha la alumini la milimita 2, likatoka vizuri, sasa wengine wanakuja. Kwa wanaotaka njia hiyo niseme niliyojifunza.

Usiniletee vipimo vya mtandaoni tu, niletee madabodi yenyewe au karatasi ngumu iliyotobolewa kwa kufuata matundu yake. Matundu manne ya hiyo Mini-ITX hayakai mraba kamili. Moja limesogezwa ndani zaidi ya sentimita mbili. Fundi asiyejua atatoboa mraba, na bodi haitakaa.

Skrubu za pawa saplai ni za nyuzi za inchi, 6-32. Ukiilazimisha skrubu ya milimita inaingia nusu, kisha inakata uzi. Tepu ya 6-32 hapa Katwe si kila mtu anayo, ulizia kabla.

Rangi ipakwe mwisho, lakini pale vinguzo vya bodi vinapogusa kasha pasipakwe, wanasema ndipo umeme wa ardhini unapopita. Na chembe za chuma! Osha kasha, lipulize, lifute kwa kitambaa cha mafuta, lipulize tena. Chembe moja ikilala chini ya bodi ni hasara ya mtu.

---

Wati Chache (mleta uzi)

Mzee, heshima kwako. Hiyo ya matundu ingewaokoa watu wengi. Nyongeza kwa wanaokwenda Katwe: toboeni matundu ya hewa zaidi ya mnavyodhani yanatosha, na muache milimita 3 hadi 5 kati ya feni ya kadi na ukuta wa kasha. Feni iliyobanwa ukutani inapiga mluzi.

Kwa wanaonunua kasha tayari, mawili ninayoyafahamu vizuri kwa kazi. Cooler Master NR200 ni lita 18 na kidogo, ndilo la kuanzia kama hujawahi. Mkono unaingia, kipoza cha mnara cha hadi milimita 155 kinakaa, kadi ya milimita 330 inaingia. Fractal Terra ni lita 10.4, ni zuri mno, lina kipande cha mbao mbele, na uti wake wa kati unasogea: ukiupeleka upande mmoja unapata nafasi ya kipoza hadi 77, ukiupeleka mwingine kadi nene inaenea lakini kipoza kinashuka hadi 48. Ni mpango wa sandwichi, bodi upande huu, kadi upande ule, zimeunganishwa kwa kebo ya raiza (inayorefusha soketi ya kadi).

Raiza ndiyo inayowaliza watu. Ukiwa na raiza ya PCIe 3.0 na kadi ya 4.0, bodi inajaribu kuongea kwa kasi ambayo kebo haiwezi kubeba. Skrini nyeusi, au picha inapotea katikati ya gemu. Dawa ni kuingia BIOS na kuifunga soketi kwenye Gen 3, yaani PCIe 3.0. Sasa utaingiaje BIOS na skrini ni nyeusi? Ndiyo maana naipenda 7600: ina grafiki ndogo ndani yake. Chomeka HDMI nyuma ya madabodi, siyo kwenye kadi, utaona picha. Ryzen 5 5600 haina grafiki hiyo, 5600G inayo. Terra inakuja na raiza ya 4.0, tatizo hili ni la makasha ya bei ya chini.

Mpangilio wa kuunda: kila kitu kinachoweza kufungwa nje ya kasha, kifunge nje. SSD ya M.2 kwanza, hasa kama nafasi yake ya pili iko mgongoni mwa bodi, maana ukishaifunga bodi huifikii tena. Kisha prosesa, RAM, kipoza. Weka bodi juu ya katoni lake, unganisha pawa saplai, gusanisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Ikiwaka na BIOS ikaona kila kitu, ndipo uingize ndani. Kufungua kasha la lita 10 kutafuta kijiti cha RAM ambacho hakikukaa ni jioni nzima.

Na waya. Usichanganye waya za pawa saplai ya aina moja na nyingine, hata kama plagi inaingia. Upande wa kadi na bodi pini ni za kawaida, upande wa pawa saplai yenyewe kila mtengenezaji anapanga anavyotaka. Volti 12 ikifika panapotakiwa 5, SSD imekwenda na masomo yako yote.

---

Dada Transista, Jinja

Na vumbi? Mmeongea joto, hamjaongea vumbi.

---

Wati Chache (mleta uzi)

Kweli dada. Nimefungua mashine ya mteja aliyekaa jirani na barabara ya murramu. Kati ya mapezi ya kipoza vumbi jekundu lilikuwa limeshikana na nyuzinyuzi za nguo, limekuwa blanketi, unalichambua kwa kibano linatoka vipande vizima. Upande wa feni mapezi hayakuonekana kabisa. Prosesa ilikuwa ikijipunguza kasi yenyewe, na mwenyewe alidhani gemu imekuwa nzito baada ya masasisho.

Mashine ndogo inaziba haraka kwa sababu mapezi yamekaribiana. Weka nyavu laini kila hewa inapoingilia. Soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa vizuri inafanya kazi. Feni zinazoingiza hewa ziwe na nguvu kuliko zinazotoa, ili hewa itoke kwenye nyufa badala ya vumbi kuingilia humo. Isikae sakafuni. Kiangazi kikiingia fungua, tumia brashi laini na kipulizio, na feni uishike kwa kidole usiiache izunguke kwa upepo, bearing zake zinaumia.

---

Mwanahosteli, Kikoni

Nimeona OptiPlex SFF ya i5-8500 hapa karibu, RAM GB 16. Kadi ya 3050 naitafuta. Pawa saplai ya ndani imeandikwa 200W. Inatosha kweli?

---

Wati Chache (mleta uzi)

Inatosha. Prosesa 65, kadi 70, vingine 30, uko kwenye 165 hata vikikimbia vyote pamoja. Ila kabla hujalipa, hakikisha hizo GB 16 ni vijiti viwili vya 8, siyo kimoja cha 16. Ikiwa ni kimoja fremu zitapungua, mwambie akubadilishie. Na kadi iwe ile ya GB 6. Ya GB 8 ya zamani inataka waya wa umeme ambao mashine hiyo haina. Ulizia pia kama kwenye boksi kuna bamba fupi la nyuma, maana wakati mwingine wauzaji wanafunga lile refu na lile fupi linapotea. Ukipata, pitia hapa Ntinda nikubadilishie grisi ya prosesa, ya kiwandani kwa umri huo imeshakauka.